Kizunguzungu cha kondoo

Kizunguzungu cha kondoo ni ugonjwa wa ubongo unaosababishwa na lava wa mnyoo tegu aitwaye kwa jina la kisayansi Taenia multiceps. Tegu mzima huishi katika utumbo wa mbwa na wanyama wa jamii yake kama mbweha na mbwa mwitu. Lava wake hukua ndani ya ubongo wa kondoo, na mara chache zaidi katika uti wa mgongo, akiwa ndani ya kifuko chenye maji. Mbuzi hupata ugonjwa huu karibu sawa na kondoo. Ng'ombe na wanyamapori wanaokula majani huupata pia, ila kwa nadra. Binadamu anaweza kuambukizwa, lakini si kwa kula nyama.

Ugonjwa huu umepata jina lake kutokana na dalili inayojulikana zaidi: kondoo mgonjwa huzunguka mahali pamoja akielekea upande uleule, kichwa kikiwa kimeinama, mpaka achoke au aanguke. Unapatikana karibu kila mahali ambapo kondoo, mbuzi na mbwa huishi pamoja, hasa Afrika ya Mashariki, nyanda za juu za Ethiopia, nchi za Mediteranea, Mashariki ya Kati na Asia ya Kati.

Majina

Watu wengi wameupa ugonjwa huu jina kwa kuangalia jinsi kondoo anavyozunguka. Wafaransa huuita tournis, neno ambalo pia hutumika kwa mtu mwenye kizunguzungu cha kawaida, na Wajerumani huuita Drehkrankheit, yaani ugonjwa wa kuzunguka. Wamaasai wa Tanzania kaskazini hutumia neno ormilo. Neno hilo linahitaji uangalifu, kwa sababu Wamaasai hulitumia pia kwa ng'ombe wanaozunguka kutokana na ugonjwa mwingine kabisa, ule unaoletwa na vimelea vya Theileria vinavyoenezwa na kupe. Kwa mfugaji hilo si kosa: anataja anachokiona. Lakini mtaalamu wa mifugo anayesikia neno hilo inambidi aulize kwanza ni mnyama gani, maana dawa ya kupe haitamsaidia kondoo mwenye kifuko kichwani.

Katika vitabu vya tiba ya mifugo ugonjwa huitwa kenurosi, kutokana na jina la Kilatini la kifuko chenyewe, Coenurus cerebralis. Jina hilo lilitolewa wakati ambapo kifuko na tegu wa mbwa vilidhaniwa kuwa viumbe wawili tofauti, na limebaki hadi leo ingawa inajulikana kuwa ni mnyoo mmoja katika hatua mbili za maisha yake.

Mnyoo na mzunguko wake

Tegu mzima ana urefu wa takriban sentimita 40 hadi mita 1. Kichwa chake ni kidogo kuliko punje ya mtama, kina vinyonyeo vinne na ndoano ndogo zilizopangwa katika duara mbili, ambazo humsaidia kujishikilia kwenye ukuta wa utumbo mwembamba wa mbwa. Nyuma ya kichwa kuna mlolongo wa pingili. Zile za mwisho hujaa maelfu ya mayai, hukatika na kutoka pamoja na kinyesi. Mbwa mwenye tegu hao kwa kawaida haonekani mgonjwa: anakula, anabweka na kulinda kundi kama siku zote.

Mayai hayaonekani kwa macho. Mvua, upepo, kwato na nzi huyasambaza kutoka kwenye kinyesi hadi kwenye majani na maji. Penye ubaridi na unyevu yanaweza kubaki hai kwa miezi. Jua kali na ukavu huyaua mapema zaidi. Kondoo huyameza wakati wa kulisha au kunywa.

Ndani ya utumbo wa kondoo yai hupasuka na kutoa kiluwiluwi chenye ndoano sita. Hicho hutoboa ukuta wa utumbo, huingia katika mishipa ya damu na kupelekwa popote damu inapokwenda. Viluwiluwi vinavyofika kwenye misuli au viungo vingine vya kondoo hufa karibu vyote. Vile vinavyofika kwenye ubongo au uti wa mgongo ndivyo vinavyoendelea kuishi. Mwanzoni hutambaa ndani ya ubongo na kuacha njia nyembamba zenye rangi ya manjano au nyekundu, kisha kila kimoja hutulia mahali pake na kuwa kifuko.

Kifuko hukua polepole. Baada ya miezi sita hadi minane kinaweza kufikia kipenyo cha sentimita 5 au zaidi, yaani karibu na ukubwa wa yai la kuku. Ukuta wake ni mwembamba unaopitisha mwanga, na maji yaliyomo ni maangavu. Ukitazamwa kwa makini huonekana una madoa meupe yaliyokusanyika kwa mafungu. Kila doa ni kichwa cha tegu wa baadaye, na kifuko kimoja kinaweza kuwa na mamia. Hapo ndipo lilipotoka jina multiceps, lenye maana ya "mwenye vichwa vingi".

Mbwa akila ubongo wenye kifuko kama hicho, vichwa hivyo hutoka nje na kujishikilia kwenye utumbo wake, na baada ya mwezi mmoja hadi miwili pingili zenye mayai huanza kutoka. Kwa hiyo kichwa kimoja cha kondoo kilichotupwa kinaweza kumpa mbwa mmoja tegu makumi kwa mpigo. Hakuna njia nyingine ya kumwambukiza mbwa: hawezi kuupata kwa kula mayai, wala kwa kuishi na mbwa mwingine, wala kwa kulala zizini. Ni lazima ale ubongo au uti wa mgongo mbichi. Vivyo hivyo kondoo mmoja hawezi kumwambukiza mwenzake hata wakikaa zizi moja mwaka mzima.

Porini mzunguko huu unajitosheleza. Mnyama anayezunguka, asiyeona upande mmoja na aliyebaki nyuma ya kundi lake ndiye anayekamatwa kwa urahisi zaidi, na anayemla ndiye mwenyeji anayehitajika na mnyoo. Kwenye boma la mfugaji kazi hiyo ya mbwa mwitu hufanywa na kisu.

Dalili

Ugonjwa una hatua mbili, na kati yake huwa kuna kipindi ambacho kondoo anaonekana mzima.

Hatua ya kwanza hutokea siku 10 hadi 30 hivi baada ya kumeza mayai, wakati viluwiluwi vinatambaa ndani ya ubongo. Kondoo aliyemeza mayai machache huenda asionyeshe chochote. Mwanakondoo aliyemeza mengi kwa mara moja hupata homa, hulegea, hushtuka ovyo, hupinda shingo, hupata degedege, na anaweza kufa katika siku chache. Vifo vya namna hii huwapata zaidi wanakondoo wadogo. Mara nyingi havihusishwi na kizunguzungu kabisa, kwa kuwa hakuna kifuko kinachoonekana ubongo ukipasuliwa.

Hatua ya pili huanza miezi miwili hadi sita au zaidi baadaye, kifuko kinapokuwa kikubwa kiasi cha kuubana ubongo. Wanaougua zaidi ni kondoo wenye umri wa miezi 6 hadi 18. Kondoo wakubwa huwa wamejenga kinga. Dalili hutegemea kifuko kiko wapi. Kilicho katika nusu moja ya ubongo wa mbele, mahali ambapo vingi hupatikana, humfanya kondoo kuzunguka, kwa kawaida kuelekea upande ule ule wa kifuko, na kupofuka jicho la upande wa pili. Kondoo mwenye kifuko upande wa kushoto, kwa mfano, atazunguka kushoto huku akigonga miti na vigingi vilivyo kuliani kwake. Jicho lenyewe halina kasoro yoyote likichunguzwa. Kilichoharibika ni sehemu ya ubongo inayopokea picha kutoka jicho hilo. Kifuko kilicho katika ubongo wa nyuma huleta mwendo wa kulewa: kondoo hutanua miguu, huyumba, huinua kwato juu kupita kiasi na kuanguka akigeuzwa ghafla. Kikiwa kwenye uti wa mgongo, miguu ya nyuma hudhoofika na hatimaye hupooza.

Mchungaji mzoefu huona mambo madogo kabla ya hayo yote. Kondoo hujitenga, huchelewa kuondoka wenzake wanapoondoka, husimama akiegemeza kipaji kwenye ukuta au mti, husahau nyasi zikiwa bado mdomoni. Kadiri wiki zinavyopita huacha kula, hukonda, hulala bila kuamka, na hufa. Kondoo aliyefika hatua ya pili na asitibiwe hawezi kutarajiwa kupona.

Kwa baadhi ya wagonjwa mfupa wa fuvu hukonda kutokana na shinikizo la ndani, hadi kidole gumba kikibonyeza kipaji au sehemu iliyo karibu na mizizi ya pembe husikia mfupa unabonyea. Ni dalili ya kuaminika kuhusu ugonjwa wenyewe. Kuhusu mahali pa kifuko haiaminiki sana, kwa sababu mfupa unaweza kulainika mbali na kilipo.

Magonjwa yanayofanana nao

Si kila kondoo anayezunguka ana kifuko, na kukosea hapa kuna gharama, kwa kuwa baadhi ya magonjwa yanayofanana nao hutibika kwa dawa yakiwahiwa.

Listeriosi ni maambukizi ya bakteria katika shina la ubongo, yanayotokea zaidi pale kondoo wanapolishwa majani yaliyovundikwa. Humfanya kondoo azunguke, lakini huja kwa siku chache tu badala ya wiki, na mara nyingi sikio, kope na mdomo wa upande mmoja hulegea na mate kudondoka. Ukosefu wa vitamini B1 huleta upofu wa macho yote mawili pamoja na kichwa kilichopinda nyuma. Ugonjwa wa maji moyo, unaoenezwa na kupe, huja na homa kali na degedege na huua haraka. Kichaa cha mbwa ni cha kufikiriwa daima, hasa tabia ya mnyama ikibadilika ghafla, na ndiyo sababu haishauriwi kutia mkono mtupu mdomoni mwa kondoo wa namna hiyo.

Funza wa pua ni mfano wa kipekee. Nzi aitwaye Oestrus ovis hutaga funza wadogo kwenye pua ya kondoo, nao hupanda hadi katika mianya ya mifupa ya uso. Kondoo hupiga chafya, hutoa kamasi, hutikisa kichwa na wakati mwingine huyumba. Wafugaji wa Ulaya wa zamani waliita hali hiyo kizunguzungu cha uongo. Mara nyingi mnyama akichinjwa hukutwa funza na kifuko kwa pamoja, na funza wenye kuonekana wazi ndio wanaolaumiwa. Funza hawafiki kwenye ubongo isipokuwa kwa nadra sana.

Kuna vimelea wengine wanaoingia kwenye ubongo wa kondoo katika sehemu nyingine za dunia. Amerika ya Kaskazini upande wa mashariki mnyoo Parelaphostrongylus tenuis, ambaye kwa asili huishi bila madhara katika utando wa ubongo wa kulungu wenye mkia mweupe, hupooza kondoo na mbuzi wanaomeza konokono wadogo wenye lava wake. Norwei ina ndugu yake anayetoka kwa kulungu-aktiki. Barani Asia mnyoo Setaria digitata, ambaye makao yake ni tumbo la ng'ombe, hupelekwa na mbu hadi kwenye uti wa mgongo wa kondoo na mbuzi. Katika mifano hii yote mnyoo amemwingia mnyama asiye mwenyeji wake. Taenia multiceps ni tofauti: kwake ubongo wa kondoo ndio makao yenyewe.

Utambuzi

Kondoo akiwa hai, utambuzi hutegemea umri wake, mwendo wa dalili, upofu wa jicho moja na, pale inapopatikana, picha ya CT. Picha hiyo huonyesha kifuko vizuri sana, lakini gharama yake huzidi bei ya kondoo mara nyingi, hivyo hutumika kwa madume ya mbegu na katika vyuo vikuu. Vipimo vya damu havijathibitika kuwa vya kutegemewa.

Utambuzi wa hakika hufanywa kwa kupasua fuvu la mnyama aliyechinjwa au kufa. Kifuko kikubwa hakiwezi kukosekana. Hapa kuna tatizo la kawaida machinjioni: ukaguzi wa nyama huangalia ini, mapafu na misuli, ilhali kichwa huondoka kikiwa kizima. Kwa sababu hiyo takwimu za machinjio kuhusu minyoo ya ini zipo tele, na za kizunguzungu ni chache.

Matibabu

Kutoboa fuvu na kutoa kifuko ni matibabu ya zamani ambayo bado yanafanya kazi. Kondoo hupewa ganzi, ngozi hupasuliwa, mfupa hutobolewa tundu la upana wa sentimita moja au mbili, na utando wa ubongo hukatwa. Shinikizo la ndani mara nyingi husukuma kifuko chenyewe hadi kwenye tundu. Maji hunyonywa kwa sindano na ukuta wake huvutwa polepole mpaka utoke wote. Kifuko kikiwa kimoja na kiko juu juu, kondoo wengi hupona, na wengine husimama na kuanza kula siku hiyohiyo. Kikiwa ndani sana, au vikiwa viwili au vitatu, matumaini ni madogo. Daktari akikosea upande hakuna atakachokuta.

Dawa za minyoo kama prazikwanteli na albendazoli zikitolewa kwa kipimo kikubwa kwa siku kadhaa zinaweza kuua vifuko vichanga. Kifuko kikubwa kikifia ndani ya ubongo husababisha uvimbe ambao wenyewe unaweza kumuua kondoo. Dawa ya kawaida ya minyoo ya tumbo inayotolewa kwa kundi zima mara mbili kwa mwaka haizuii ugonjwa huu.

Wafugaji wengi hawachagui lolote kati ya hayo. Humchinja kondoo mapema, kabla hajakonda, ili nyama isipotee. Uamuzi huo ni wa busara: nyama inaliwa bila hatari, na kondoo huyo asingepona. Hatari iko katika kinachofuata, yaani kichwa kinakwenda wapi. Kondoo anayechinjwa nyumbani kwa sababu anazunguka ndiye hasa mwenye kifuko, na mbwa wanaosubiri kando ndio wanaolisha mbele ya kundi lililobaki. Hivyo kila kondoo anayepotea kwa kizunguzungu huweza kuandaa wagonjwa wa msimu unaofuata.

Ngorongoro

Mfano unaojulikana vizuri Afrika ya Mashariki ni wilaya ya Ngorongoro, Tanzania kaskazini. Katika Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, Wamaasai hufuga ng'ombe, kondoo na mbuzi katika ardhi ileile wanamoishi wanyamapori. Watafiti wa mifugo waliochunguza vichwa vya kondoo na mbuzi kwenye machinjio madogo ya wilaya hiyo katika miaka ya 2010 walikuta vifuko katika wanyama wengi. Inafaa kukumbuka kwamba wanyama wanaoletwa kwenye machinjio ya vijijini si mfano halisi wa kundi zima, kwa kuwa wagonjwa ndio wanaotangulia kuuzwa.

Kwa familia ya wafugaji hasara hiyo haihesabiwi kwa nyama tu. Kondoo na mbuzi ndio fedha ya mkononi: huuzwa kulipia ada ya shule, mahindi na matibabu, bila kugusa ng'ombe. Mafuta ya kondoo hupewa mama aliyejifungua. Ugonjwa huchukua wanyama wa umri wa mwaka mmoja hivi, yaani walewale ambao wangeanza kuzaa na kujaza nafasi za waliouzwa.

Uhusiano kati ya mbwa na kondoo anayezunguka si jambo ambalo mtu angeweza kuligundua kwa kuangalia, hata awe mchungaji hodari kiasi gani. Kati ya siku mbwa anapokula kichwa na siku kondoo anapoanza kuzunguka kuna nusu mwaka au zaidi. Mbwa hana dalili, na mayai hayaonekani. Linaloonekana ni kwamba kondoo alilisha mahali fulani kisha akaugua, kwa hiyo majani au maji hushukiwa, na dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Mafunzo kwa wafugaji wa eneo hilo yamelenga kuonyesha nusu iliyobaki, ikiwa ni pamoja na kuwapa mbwa dawa na kuteketeza vichwa. Mbweha wanaozurura karibu na maboma nao wanaweza kubeba tegu huyu, jambo linalofanya utupaji wa vichwa kuwa muhimu hata pale ambapo mbwa wote wamepewa dawa.

Kinga

Kinga ina sehemu mbili, na moja bila nyingine hufanya kazi nusu.

Ya kwanza ni kumzuia mbwa asile ubongo mbichi. Kichwa na uti wa mgongo wa kondoo au mbuzi, awe alichinjwa au alikufa, huchomwa moto au kufukiwa kwa kina ambacho mbwa na fisi hawawezi kufukua. Asiyetaka kupoteza chakula cha mbwa anaweza kuchemsha kichwa mpaka kiive kabisa. Moto huua vichwa vyote vya tegu. Katika nchi kavu zisizo na kuni nyingi au zenye udongo mgumu, shimo moja lenye mfuniko kwa ajili ya boma zima hufaa kuliko kila mtu kuchimba lake.

Ya pili ni kumpa mbwa dawa. Prazikwanteli, dawa ileile inayotumika kutibu kichocho kwa binadamu, huua tegu kwa dozi moja ya miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa. Kwa kuwa mbwa anaweza kuambukizwa tena mara tu akila kichwa kingine, dozi hurudiwa kila baada ya wiki sita hadi nane. Dawa huua mnyoo lakini haiui mayai, kwa hiyo mbwa hufungwa kwa siku mbili baada ya kumeza, na kinyesi chake huchomwa au kufukiwa. Sehemu hii ya mwisho husahaulika sana, na mbwa aliyetoka kupewa dawa akaachiwa malishoni huyajaza mayai kwa wingi kuliko siku nyingine yoyote.

Mbwa wa boma moja hawakai boma moja. Mfugaji anayefanya yote hayo peke yake, huku majirani wakitupa vichwa, hupunguza ugonjwa lakini haumalizi. Mbwa wasio na mwenyewe ni tatizo kubwa zaidi, maana hakuna wa kuwafunga wala kuwapa dawa. Chanjo za kondoo zimejaribiwa na kuonyesha kinga nzuri, lakini hazijawa bidhaa ya kawaida madukani.

Hatua hizohizo huzuia pia Echinococcus granulosus, tegu mdogo wa mbwa anayesababisha vifuko vya ini na mapafu kwa binadamu. Ugonjwa huo umewatesa sana Waturkana wa kaskazini mwa Kenya, na shirika la AMREF liliendesha mradi wa kuudhibiti huko kuanzia miaka ya 1980.

Historia ya ujuzi

Mtaalamu wa viumbe Nathanael Gottfried Leske wa Leipzig alieleza kifuko cha ubongo wa kondoo mwaka 1780 katika kitabu chake kuhusu kondoo wanaozunguka, na jina Taenia multiceps linatokana naye. Kwa miaka 70 iliyofuata haikujulikana kifuko hicho kinatoka wapi. Wengine waliamini kinazaliwa chenyewe ndani ya ubongo. Wengine walidhani ni tegu aliyepotea njia na kuvimba.

Jibu lilipatikana katika miaka ya 1850 kwa majaribio ya Friedrich Küchenmeister, daktari wa mji wa Zittau huko Saksonia. Aliwalisha mbwa vifuko vya ubongo wa kondoo, akapata tegu katika matumbo yao. Kisha aliwapa kondoo wazima pingili za tegu hao, nao wakaanza kuzunguka. Majaribio hayo yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuthibitisha kwamba mnyoo mmoja anaweza kuhitaji wanyama wawili ili kukamilisha maisha yake.

Iceland ilikuwa nchi ya kwanza kuutumia ujuzi huo kwa taifa zima. Mwaka 1863 mtafiti kutoka Denmark, Harald Krabbe, alikwenda huko na kupasua mbwa 100. 28 kati yao walikuwa na Echinococcus, na Taenia multiceps alikuwa mmoja wa tegu wengine aliowakuta. Mwaka uliofuata kijitabu chake kilichoeleza mzunguko wa minyoo hao kwa lugha nyepesi kilisambazwa kwa wananchi, ambao wengi walijua kusoma. Sheria za mwaka 1869 na 1890 zilihusu idadi ya mbwa, dawa zao na uharibifu wa viungo vyenye vifuko. Dawa za wakati huo zilikuwa dhaifu, hivyo inaaminika kwamba kazi kubwa ilifanywa na kijitabu na mashimo ya kufukia. Kizunguzungu cha kondoo hakipatikani tena kisiwani humo.

Kwa binadamu

Mtu huambukizwa kwa kumeza mayai ya tegu yaliyotoka kwa mbwa, kupitia mikono, mboga au maji yaliyochafuliwa. Anayekula ubongo wa kondoo au supu ya kichwa hapati ugonjwa huu, kwa kuwa vichwa vya tegu vilivyo katika kifuko haviwezi kukua katika utumbo wa binadamu, na supu huwa imevichemsha hata hivyo. Usichanganywe na ugonjwa wa tegu wa nguruwe, Taenia solium, ambaye lava wake ni chanzo kikubwa cha kifafa katika Afrika na ambaye mwenyeji wake wa mwisho ni binadamu mwenyewe.

Maambukizi kwa watu ni nadra. Kifuko kikiwa kwenye ubongo huleta maumivu ya kichwa, kutapika, degedege na kupoteza uwezo wa kuona, na hutolewa kwa upasuaji. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati wameripotiwa pia watu wenye vifuko chini ya ngozi au ndani ya jicho; mwaka 1968 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 14 kutoka Uganda. Vifuko vya eneo hilo vimehusishwa na tegu mwingine wa mbwa na mbweha aitwaye Taenia brauni.